Mirathi: Mambo ya Kufanya Jamaa Anapofariki

Nyumba ya mawe mjini Lamu ikibaki kwa jina la babu aliyefariki zamani, kila kizazi huongeza warithi. Mwisho haijulikani nani wa kutengeneza dari, nani wa kupokea kodi, wala nani wa kutia sahihi ikitakiwa kuuzwa. Hali ni hiyo hiyo kwa mashamba ya minazi kisiwani Pate, ardhi za Hindi, Mpeketoni na Witu, na hata vyombo vya uvuvi. Mirathi ikicheleweshwa, huzaa kesi na uhasama baina ya ndugu.

Sheria gani hutumika?

Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Hata hivyo, mali ya Muislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kusikiza mirathi iwapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake. Wengine huenda kwa hakimu au Mahakama Kuu, kulingana na thamani ya mali.

Hatua za kufuata

1. Sajilini kifo na mchukue cheti cha kifo.
2. Pateni barua ya chifu inayowataja warithi wote. Asiachwe mjane, binti aliyeolewa, wala mtoto aliye mbali.
3. Orodhesheni mali na madeni: hati miliki, akaunti za benki, pesa za simu, mashua, mifugo.
4. Ombeni mahakamani hati ya usimamizi wa mirathi. Penye warithi walio chini ya miaka 18, wasimamizi huwa wawili au zaidi.
5. Chini ya Sura ya 160, hati hiyo huthibitishwa baada ya miezi 6, mgao ukiwa umeelezwa. Ndipo ardhi huhamishwa kwa majina ya warithi katika ofisi ya usajili wa ardhi.

Tahadhari: mtu yeyote, hata mtoto wa kwanza, akiuza au kuchukua mali ya marehemu bila idhini ya sheria, anatenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Kadhalika, mnunuzi asikubali kulipia shamba la marehemu kwa maneno ya mrithi mmoja.

Mfano wa mgao wa Kiislamu

Marehemu ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walifariki kabla yake. Mali yote ni shilingi 1,100,000. Gharama za mazishi na madeni, pamoja na mahari ambayo mke hajalipwa, ni 300,000. Hizo hutolewa kwanza. Hakuna wasia, kwa hivyo zinazogawanywa ni 800,000:

- Mke: thumuni, yaani 100,000
- Mwana wa kiume: 350,000
- Kila binti: 175,000

Kwa wasio Waislamu, watoto wa kike na wa kiume wana haki sawa. Palipo na mke au mume mmoja na watoto, aliyebaki hupata vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyosalia maishani mwake. 

Andika wasia ungali hai

Wasia wa maandishi hutiwa sahihi na mwenyewe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Muislamu anaweza kuusia hadi thuluthi moja ya mali inayobaki baada ya madeni, na si kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Andika pia madeni unayodai na unayodaiwa, na umwambie mtu unayemwamini hati zilipo.

Serikali ya Kaunti haigawi mirathi. Hiyo ni kazi ya mahakama. Kwa maelezo zaidi, anza kwa chifu wako au fika katika masjala ya mahakama iliyo karibu nawe.