Unyenyekevu Si Woga, na Majigambo Si Ushujaa



Siku moja sisi mafrateri wawili wa falsafa tulikwenda kusali na jumuiya ndogo ndogo iliyokuwa na msiba. Mama aliyefiwa na mtoto wake wa miaka minne alituuliza kwa sauti ya chini: “Frateri, kwa nini Mungu amemchukua?” Hatukuwa na jibu. Lakini tuliona aibu kusema hivyo mbele ya waamini, basi tukaanza kuongea. Tulieleza kwamba uovu ni upungufu wa wema, tukataja wanafalsafa, tukapandisha sauti. Mama yule akainamisha kichwa, akanyamaza. Ndipo katekista mzee akasogea, akakaa naye mkekani, akamwambia: “Mwanangu, hata mimi sijui. Ila hatutakuacha peke yako. Tusali.” Mama akalia, tukasali rozari pamoja naye.

Njiani kurudi tulijiuliza: kati yetu sisi na mzee yule, nani alikuwa jasiri? Makala haya yametokana na swali hilo.

Wengi tunafikiri kwamba mnyenyekevu ni mtu mwoga, asiyeweza kusimama mbele za watu, na kwamba jasiri ni yule asiyeonyesha udhaifu hata kidogo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakuona hivyo. Katika Summa Theologiae anafundisha kwamba unyenyekevu unamzuia mtu asijitafutie makuu kupita kipimo chake, na fadhila nyingine, yaani ukuu wa moyo, inamwimarisha asikate tamaa mbele ya mambo makubwa. Fadhila hizi mbili hazipingani. Kwa ukuu wa moyo mtu anatazama vipawa alivyopewa na Mungu. Kwa unyenyekevu anatazama upungufu wake mwenyewe. Anayetazama yote mawili anaishi katika ukweli. Kwa sababu hiyo, anayekataa kila jukumu parokiani kwa kusema “mimi siwezi,” ilhali Mungu amemjalia uwezo, naye hajawa mnyenyekevu bado.

Na majigambo je? Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili kwa Nikomako, anamchora mtu anayejifanya shujaa. Mtu huyo anataka aonekane jasiri. Hatari ikiwa mbali anaitamani, ikifika anarudi nyuma. Shujaa wa kweli ni mtulivu kabla ya jambo, na imara jambo lenyewe likifika. Wahenga wetu walilisema kwa kifupi: debe tupu haliachi kuvuma.

Tumtazame Mtume Petro. Baada ya karamu ya mwisho alijilinganisha na wenzake: hata wote wakikwazika, yeye hatakwazika kamwe (Mt 26:33). Usiku uleule, Bwana alipomwomba akeshe, alilala usingizi. Kisha maneno ya kijakazi yakatosha kumfanya amkane Bwana wake. Petro hakuwa mnafiki. Alimpenda Yesu kwa kweli. Kosa lake lilikuwa kutegemea nguvu zake mwenyewe na kutokesha katika sala. Baada ya Ufufuko, kando ya ziwa, Yesu anamuuliza kama anampenda kuliko wenzake (Yn 21:15). Safari hii Petro hajilinganishi na mtu. Anajibu tu kwamba Bwana mwenyewe anajua kuwa anampenda. Ni Petro huyu, aliyekwisha kulia, anayekabidhiwa kondoo.

Katika karne ya pili, Kanisa la Smirna liliandika barua kuhusu kifodini cha askofu wao, Mtakatifu Polikarpo. Humo anatajwa mtu mmoja kutoka Frigia, jina lake Quintus, aliyejipeleka mwenyewe kwa watesi na kuwashawishi wengine wafanye hivyo. Alipowaona wanyama wakali, aliogopa, akaapa na kutoa sadaka kwa miungu. Polikarpo alikubali ushauri wa waamini, akaondoka mjini, akakaa shambani akisali usiku na mchana. Bila shaka wapo ambao wangemwita mwoga. Lakini askari walipomfikia hakukimbia tena. Aliagiza waandaliwe chakula na kinywaji, akaomba muda wa kusali. Mbele ya liwali alikataa kumtukana Kristo aliyemtumikia miaka 86. Walipotaka kumpigilia misumari mtini, aliwaambia haina haja, kwa kuwa Mungu anayempa nguvu ya kuvumilia moto atamjalia pia kutulia ndani yake. Hata pale hakutaja nguvu zake.

Kwetu tulio katika malezi jambo hili si dogo. Ni rahisi kujifunza kuimba vizuri, kujibu haraka darasani na kutembea kwa kujiamini, huku tukimficha mlezi wa kiroho mashaka na vishawishi vyetu. Frateri asiyejifunza kusema “sijui” na “nimeanguka” akiwa seminarini, atajifunza lini? Siku moja atakuwa padre, na mama aliyefiwa atakuja kumuuliza swali lilelile. Nanyi waamini mnaujua mtihani huu: baba anayeshindwa kumwomba mkewe msamaha, kijana anayejigamba kwamba pombe haiwezi kumshinda, kiongozi wa jumuiya asiyekubali kukosolewa.

Tuanze na mambo madogo. Tuungame bila kupamba dhambi zetu wala kutafuta visingizio. Tuombe msaada kabla mzigo haujatuangusha. Tukiulizwa tusichokijua, tukiri, kisha tukae na aliyeuliza. Na kabla ya kuahidi makubwa, tusali. Katekisimu inatufundisha kwamba unyenyekevu ndio msingi wa sala. Asiyeona kwamba anahitaji kitu hawezi kuomba.

Mzee katekista hakutupa hotuba siku ile. Alipotuaga alitushika mikono tu na kutuambia turudi tena. Tulirudi wiki iliyofuata, tukakaa mkekani, na safari hiyo tulimsikiliza mama.

Mungu atujalie moyo wa Petro aliyelia, na uthabiti wa Polikarpo aliyesali. Amina.