WAPIGANAJI WA HEKALU: KAMERA HUONA UPANGA, HAIONI NIDHAMU

Hapana shaka kwamba miongoni mwa mambo yanayopendwa mno na askari wakati wa mapumziko ni michezo ya televisheni inayohusu vita vya kale. Jioni, kazi za mchana zikiisha na zamu za lindo zikisha kupangwa, bwalo hujaa watu. Panga hulia, farasi huanguka, na shujaa mmoja huwaangusha maadui ishirini peke yake. Raia akiyatazama hayo hufurahi, akaenda zake kulala. Askari naye hufurahi, lakini moyoni mwake huuliza: Nani aliyewalisha farasi wale? Nani aliyetoa amri ya kushambulia? Mbona ubavu wa kulia umeachwa wazi?

Maswali hayo ni ya haki, nasi leo tumekusudia kuyajibu kwa kutumia mfano wa mchezo mmoja unaojulikana. Jina lake ni Knightfall. Ulianza kuonyeshwa na stesheni ya History ya Marekani tarehe 6 Desemba, 2017, ukaendelea kwa awamu mbili zenye sehemu 18, hata ulipokoma mwaka 2019. Unasimulia habari za Wapiganaji wa Hekalu, ambao Wazungu huwaita Templar. Watu hao walikuwa watawa na askari kwa pamoja. Chama chao kiliasisiwa Yerusalemu yapata mwaka 1119 kwa shabaha ya kuwalinda mahujaji wa Kikristo njiani, na mwaka 1129 kikathibitishwa katika mkutano wa wakuu wa kanisa uliofanyika Troyes, Ufaransa. Walikuja kuwa miongoni mwa majeshi yaliyoheshimiwa kuliko yote katika Vita vya Msalaba.

KARAKANA YA VITA

Mchezo huo ulipigwa picha katika nchi za Kroatia na Cheki. Mitaa ya mji wa Paris wa miaka 700 iliyopita haipo tena, kwa hiyo iliwapasa mafundi kuijenga upya katika uwanja wa studio za Barrandov, mjini Prague. Agosti 2017, hata kabla ya sehemu ya kwanza kuonyeshwa, moto ulizuka ukaiteketeza mitaa hiyo, na hasara ikakadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 4. Mji wa kuigiza ulipata ajali ya mji wa kweli, nao mafundi wakarudi kwenye misumeno yao.

Silaha nazo zina siri zake. Upanga wa kweli wa zama zile haukuwa chuma kizito cha kumchosha mtu, kama wengi wanavyodhani. Kwa kawaida ulikuwa na uzito wa kilo moja hadi moja na nusu. Katika michezo ya namna hii panga za mapigano ya karibu hunolewa butu, nyingine hufanywa kwa alumini, na zile za kuangukia au za watu wa safu za nyuma ni za mpira. Vazi la pete za chuma, lililokuwa na uzito wa kilo kumi na zaidi, mara nyingi hubadilishwa kwa lile la alumini au plastiki, kwani mwigizaji hulazimika kurudia tendo moja tangu asubuhi hadi jioni.

Jambo litakalomvutia zaidi askari ni namna mapigano yenyewe yanavyofundishwa. Hapana pigo linalotupwa ovyo. Kila pigo lina nafasi yake katika hesabu: moja, juu, mbili, kinga, tatu, rudi nyuma. Waigizaji huanza polepole, wakaongeza kasi siku baada ya siku, mpaka mwili unafanya bila ya akili kuulizwa. Kamera nayo huwekwa katika pembe inayoficha nafasi iliyoachwa kati ya upanga na mwili. Kila aliyepita uwanja wa kwata chini ya sajini mkali atatambua mara moja kwamba mafunzo hayo ni ndugu wa mafunzo yake.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa filamu wamependa tangu zamani kuwaazima askari wa kweli. Filamu ya Braveheart, iliyotolewa mwaka 1995, iliwatumia askari wa akiba wa Ireland zaidi ya elfu moja katika mapigano yake. Watu hao walijua kusimama mstarini, kungoja, na kutii ishara, mambo ambayo raia hufundishwa kwa taabu. Lakini filamu hiyo hiyo yatuonyesha pia hatari iliyopo. Pigano lake kubwa ni la Stirling, la tarehe 11 Septemba, 1297. Katika historia Waskoti walishinda kwa sababu ya daraja: waliwaacha Waingereza wavuke sehemu, kisha wakaikata sehemu ile iliyovuka kabla haijapata msaada. Katika filamu daraja halionekani kabisa! Mtazamaji huuona ushujaa, lakini ile akili ya vita haioni.

YASIYOINGIA KATIKA KIOO

Tukirudi kwa Wapiganaji wa Hekalu, twakuta upungufu wa namna hiyo hiyo. Televisheni hutuonyesha mtu mmoja mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu. Kumbe walio wengi katika chama kile hawakuwa na joho jeupe. Walikuwa masajini, waliovaa nguo nyeusi au za hudhurungi, pamoja na mafundi, wahunzi na watunza farasi. Neno hilo sajini, tulitumialo kila siku kambini, asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mtumishi. Mpiganaji wa joho jeupe alipewa farasi watatu na mtumishi mmoja wa kumwangalia. Hebu msomaji afanye hesabu ya majani, nafaka, maji na viatu vya chuma kwa farasi wa kikosi kizima, ndipo atakapojua ni nani hasa aliyelifikisha jeshi mahali pa vita.

Walikuwa na kitabu cha Kanuni, ambacho kingali kinasomwa hata leo. Mambo yake yangeweza kubandikwa katika ubao wa matangazo wa kambi yoyote. Mpiganaji hakuruhusiwa kumkimbiza farasi bila idhini. Katika mwendo wa vita hakuruhusiwa kutoka mstarini ila kwa sababu mbili: kulijaribu tandiko lake kwa muda mfupi, au kumwokoa Mkristo aliyekuwa karibu kuuawa. Aliyeshambulia bila amri alirudishwa kambini kwa miguu, na aliweza kuvuliwa joho lake. Bendera yao, nyeusi na nyeupe, ililindwa na wapiganaji hadi kumi waliochaguliwa, na mmoja wao alibeba bendera ya akiba ikiwa imekunjwa, ili ya kwanza ikianguka jeshi lisipotewe na alama yake. Maadamu bendera ilikuwa imesimama, hakuna aliyeruhusiwa kuondoka uwanjani.

Kanuni hizo hazikuandikwa kwa mapambo. Mnamo tarehe 1 Mei, 1187, mkuu wa chama hicho, Gerard de Ridefort, aliwaongoza wapanda farasi wasiozidi 150 kulishambulia jeshi la Waislamu la maelfu ya watu penye chemchemi za Cresson, karibu na Nazareti. Waliokuwa na busara zaidi walimshauri asifanye hivyo. Katika Wapiganaji wote wa Hekalu waliokuwapo, watatu tu ndio waliotoka salama, naye Gerard akiwa mmoja wao. Miezi miwili baadaye, tarehe 4 Julai, jeshi lote la Wakristo likaangamizwa na Salahuddin huko Hattin. Kama tukio la Cresson lingeonyeshwa katika televisheni, bila shaka muziki ungepigwa na watazamaji wangeshangilia. Askari aliyesoma vita ataona makamanda na watu waliopotezwa bure.

HADITHI NA TAREHE

Hatusemi kwamba mtunga mchezo hana haki ya kubuni. Historia imejaa mapengo, na mtu hawezi kuigiza pengo. Knightfall ilikuwa na mshauri wa historia, Mwingereza Dan Jones, ambaye mwaka 2017 alitoa kitabu chake juu ya watu hao hao. Kuanguka kwa mji wa Acre mwaka 1291, ambako mchezo unaanzia, ni jambo la kweli. Mji ulitekwa tarehe 18 Mei, nao Wapiganaji wa Hekalu wakaendelea kupigana katika ngome yao kwa siku kumi zaidi.

Lakini baada ya hapo hadithi inashika hatamu. Shujaa mkuu, Landry, anayeigizwa na Tom Cullen, hakuwahi kuishi. Mapenzi yake na Malkia Joan ni ya kutungwa; malkia wa kweli alifariki mwaka 1305. Papa Boniface wa Nane anaonekana akitenda kazi miaka 15 baada ya Acre, yaani mwaka 1306, ilhali alikufa Oktoba 1303. Na kikombe kitakatifu kinachotafutwa kwa damu nyingi ni cha watunga hadithi. Hakimo katika mashtaka waliyosomewa watu hao.

Twayataja haya kwa sababu moja. Mambo ya kweli yaliyowapata Wapiganaji wa Hekalu yalikuwa mazito kuliko yale yaliyobuniwa, nayo yanawahusu sana askari na polisi.

ALFAJIRI YA IJUMAA

Mfalme Filipo wa Nne wa Ufaransa alikuwa na madeni makubwa. Mwaka 1306 wananchi wa Paris walipofanya ghasia kwa sababu ya mageuzi yake ya fedha, alijificha ndani ya ngome ya Wapiganaji wa Hekalu, nao wakamlinda. Tarehe 14 Septemba, 1307, aliwapelekea maofisa wake wa majimbo barua za siri. Kwa muda wa mwezi mzima siri hiyo haikuvuja. Tarehe 12 Oktoba, mkuu wa chama, Jacques de Molay, alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika mazishi ya mke wa nduguye mfalme. Kulipopambazuka siku ya pili, Ijumaa, alikamatwa, na wenzake wakakamatwa nchi nzima.

Kama kazi ya kukamata, ilikuwa imepangwa barabara. Kasoro ilianza katika chumba cha mahojiano. Mjini Paris watu 138 walihojiwa kabla ya mwaka kwisha, na 134 kati yao wakakiri angalau shtaka moja: kwamba walimkana Kristo, walitemea msalaba mate, na mengine ya aibu. Mtu angeweza kusema ushahidi umetimia. Lakini kasisi mmoja wa chama hicho alifika baadaye mbele ya tume ya Papa akiwa na vipande vya mifupa mkononi. Vilikuwa vimetoka katika nyayo zake mwenyewe, zilizochomwa moto wakati wa kuhojiwa.

Polisi mpelelezi na alinganishe. Kule Kupro, ambako chama hicho kilikuwa na makao yake makuu, wapiganaji waliulizwa maswali yale yale, na wote wakakana. Uingereza, kabla mateso hayajaruhusiwa, wahojaji hawakupata maungamo ya maana. Chama kilikuwa kimoja, kanuni zilikuwa zile zile, na mashtaka yalikuwa hayo hayo. Kilichotofautiana ni namna ya kuuliza. Maungamo yaliyopatikana Ufaransa yalieleza habari za moto na kamba, wala hayakueleza habari za waliofungwa.

Walipopata nafasi ya kusema kwa uhuru mwaka 1310, mamia walijitokeza kukitetea chama chao. Jibu lilikuwa kwamba mtu aliyekana maungamo yake ameurudia uasi wa dini. Tarehe 12 Mei, 1310, watu 54 walichomwa moto nje ya Paris kwa siku moja. Mwaka 1312 Papa Klementi wa Tano alikivunja chama, na Machi 1314 Jacques de Molay, alipoyakana hadharani maungamo yake, naye akachomwa. Mwaka 2001 iligunduliwa katika hifadhi ya nyaraka ya Vatikani hati ya Agosti 1308, inayoonyesha kwamba wajumbe wa Papa walikuwa wamempa yeye na wenzake wakuu msamaha wa kanisa.

Habari hiyo ilifika hata pwani yetu. Nchini Ureno mali ya Wapiganaji wa Hekalu ilikabidhiwa mwaka 1319 kwa chama kipya, Chama cha Kristo, na msalaba mwekundu wa chama hicho ndio uliochorwa katika matanga ya merikebu za Wareno. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na Malindi mnamo Aprili 1498, wenyeji waliitazama alama iliyokuwa na historia ndefu nyuma yake.

LA KUZINGATIA

Ndugu wasomaji, hatuwakatazi kutazama michezo hiyo. Itazameni na mfurahi, kwani kuna ufundi wa kusifiwa ndani yake, na watu wengi wametoka jasho ili upanga wa mpira uonekane wa chuma. Lakini askari na atazame kwa jicho la kazi yake. Akimwona shujaa amevunja mstari ili ashambulie peke yake, na akumbuke Cresson. Akiwaona wapanda farasi wanakwenda kwa fahari, na amkumbuke sajini wa nguo nyeusi aliyekesha akiwalisha farasi.

Na polisi wetu akiliona lile tukio la alfajiri, milango inavunjwa na watu wanafungwa minyororo, na atambue kwamba kazi ya sheria bado haijafanyika. Kumkamata mtu ni saa moja. Kuupata ukweli wake bila ya kumvunja mifupa ndiyo kazi, na kwa kazi hiyo maofisa wa Mfalme Filipo wamehukumiwa na historia kwa miaka zaidi ya 700.