Lugha Inayobaki Mzee Akisahau

Nchi za Nordiki zilipofungua soko la pamoja la ajira mwaka 1954, Wafini wengi walivuka bahari kwenda Uswidi kutafuta kazi viwandani. Mwaka 1970 pekee walizidi 40,000. Kiswidi walikiokota ukubwani. Sasa wamezeeka, na baadhi yao wamepata dimensia, ugonjwa ambao kwa kawaida hufuta yaliyojifunzwa karibuni kabla ya yale ya utotoni. Kiswidi kinaponyoka polepole, Kifini kinabaki. Lugha hizi hazina undugu, hivyo mzee akisema “kipu”, yaani maumivu, mhudumu hana hata pa kubahatishia.

Kosa letu ni kuhesabu kutoelewana huko kote kuwa ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Sirkka-Liisa Ekman aliwachunguza wazee wa aina hii wakati wa kuogeshwa na kuvishwa asubuhi. Mbele ya mhudumu anayejua Kifini, wagonjwa walionyesha uwezo ambao haukuonekana mbele ya anayejua Kiswidi tu. Ubongo ulikuwa uleule; aliyebadilika ni msikilizaji. Ndiyo maana nasema mzigo wa kuvuka mpaka wa lugha ni wa makao ya wazee, kwa kuwa mgonjwa hawezi tena kujifunza upya. Asipoeleweka ataitwa mkorofi, na anayeumwa jino anaweza kuishia kupewa dawa ya kumtuliza badala ya dawa ya maumivu.

Wapo watakaosema wahudumu wa lugha mbili ni adimu. Ni kweli, lakini sheria ya Uswidi, tangu 2010, imezitaka manispaa kadhaa kutoa huduma ya wazee kwa Kifini, kwa hiyo kuwatafuta si hisani. Wengine hutegemea watoto wa mzee, ila watoto huja saa za kutembelea, hawapo alfajiri anapobadilishwa nguo. Programu ya simu ya kutafsiri nayo inahitaji sentensi iliyonyooka, na usemi wa mgonjwa huyu umekatikakatika. Hoja nzito zaidi ni kwamba wahudumu wengi nao ni wahamiaji, wanaohangaika na Kiswidi chenyewe. Hao tusiwadai Kifini fasaha. Wapewe, ndani ya saa za kazi, maneno machache ya maumivu, kiu, baridi na choo, pamoja na kipimo kama PAINAD, kinachokadiria maumivu kwa kutazama pumzi, sauti, uso, mwili na jinsi mgonjwa anavyotulizika. Na zamu ya asubuhi, yenye kuogesha, apangiwe kwanza mhudumu yeyote anayejua lugha ya mzee.