Karatasi Mbili za Iringa

Ukitoka Mafinga kwenda Makambako, unapofika Nyololo utaona barabara ya Mgololo ikijitenga na barabara kuu. Huko Mgololo kuna kiwanda cha karatasi kinachotegemea magogo ya msitu wa Sao Hill. Kila mtu wa wilaya hii ya Mufindi anaijua safari ya mti wa msindano: unapandwa, unakatwa, unapakiwa kwenye lori, unapondwa, unageuka karatasi ya kahawia ya kufungashia bidhaa.

Lakini mkoa huu wa Iringa una karatasi nyingine, na safari yake haipiti kiwandani. Inapita tumboni mwa tembo.

Mwaka 2003, mjini Iringa, msanii kutoka Uingereza, Susie Hart, alianza kuwafundisha vijana watatu viziwi kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Karakana hiyo, Neema Crafts, ilizaliwa chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikakua na kuwapa kazi watu wengi wenye ulemavu: wafumaji, washonaji, watengenezaji wa shanga za chupa zilizovunjika. Mkahawa wake huhudumiwa na viziwi, na mgeni huagiza chai kwa kuandika au kwa ishara.

Kwa nini kinyesi cha tembo? Mnyama huyu hula majani, magome na matawi kutwa nzima, lakini zaidi ya nusu ya alichokula hutoka bila kumeng'enywa. Kinachobaki ni nyuzi za mimea, na karatasi yoyote ile ni nyuzi zilizoshikana. Kazi ya kusaga imeshaanzwa na magego ya tembo. Fundi huosha, huchemsha, huponda, kisha huchota rojo kwa chekeche, hukamua maji na kuanika juani. Karatasi inayotoka ina mikwaruzo na vipande vya nyasi vinavyoonekana kwa macho. Hakuna mbili zinazofanana.

Wageni wengi huinunua kazi hii kwa huruma, wakimtazama aliyeitengeneza kabla ya kuitazama kazi yenyewe. Naona tunaikosea heshima. Kizuri chajiuza. Fundi aliyejua kwamba ndani ya kinyesi kuna karatasi ameona jambo ambalo wengine tumeliruka kwa miguu.

Na hayuko peke yake. Mchoraji Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya ubao mgumu wa kujengea na rangi za kupaka baiskeli. Ule mng'ao wa picha za Tingatinga unaosifiwa leo duniani ulitoka kwenye rangi hizo. Huko Uganda, msanii Sanaa Gateja huviringisha karatasi zilizotupwa kuwa shanga na kuzishonea juu ya kitambaa cha gome la mti, kitambaa ambacho Waganda wamekitwanga kwa karne nyingi. Msanii Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Kilimanjaro, ameunganisha nguo na waya katika kazi zinazobeba maumivu ambayo rangi peke yake isingeweza kuyabeba.

Hata hapa kwetu jambo hili si geni. Wanawake wa Kihehe walisuka vikapu vya milulu, nyasi za majimaji ambazo mpita njia huziona kama magugu, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuuita usukaji huo sanaa.

Ndiyo maana nikipita Nyololo siyatazami tena malori ya magogo peke yake. Natazama yanayobaki nyuma ya mashine za kupasulia mbao kote Mufindi: mabanzi, maranda, magome, vumbi la mbao. Mengi huishia jikoni au huchomwa moto palepale. Mtoto anayesoma jirani na rundo hilo hufundishwa kuchora kwa penseli ya dukani, na ikikosekana penseli, somo hukosekana. Laiti mwalimu wake angempeleka kwenye rundo, akamwambia aguse kwanza gome, alikunje, alinuse, aone linakatikia wapi. Vijana watatu wa mwaka 2003 walianzia hapo hapo, kwa mikono yao, kwenye kitu kilichokuwa kinakanyagwa.