Hisabati ya Mabinti Zetu



Tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wamo katika gredi ya kumi, kila mmoja katika mkondo wake: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Katika mpango wa awali hisabati haikuwa lazima kwa wote. Wengi walipinga, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza kuwa kila mwanafunzi ataisoma: ya kina kwa mkondo wa sayansi, na nyepesi zaidi, ya matumizi, kwa mikondo mingine.

Huku Nakuru akina mama wanatuuliza: binti anayependa lugha na dini, hisabati ya nini?

Na tutazame mirathi. Mume amefariki, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, zimebaki shilingi 800,000. Mke ana thumni, yaani 100,000. Zile 700,000 hugawanywa mafungu manne: mwana apate mawili, 350,000, na kila binti moja, 175,000. Mjane asiyeijua thumni atapokea lolote atakalopewa, na huenda akamshukuru aliyempunja. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa aljebra jina, alitenga sehemu yake kubwa kwa hesabu za wasia na mirathi. Zaka nayo ni fungu moja katika arubaini. Hesabu ya kiasi hiki hatuoni mtoto wa kusamehewa.

Ama hisabati ya kina, hiyo hatusemi alazimishwe kila mtoto. Imamu al-Ghazali aliitaja hisabati, pamoja na utabibu, katika faradhi za kifaya: wakisimama wa kutosha, wengine husalimika, asiposimama yeyote, lawama ni ya umma mzima. Basi tujiulize: tunaotaka wake zetu watibiwe na madaktari wanawake, madaktari hao watatoka nyumba ya nani, ikiwa kila binti anaambiwa sayansi si yake?

Kuhusu mitihani, KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sasa kuingia sekondari ya juu huzingatia asilimia 20 za tathmini ya gredi ya sita, 20 za tathmini za shuleni katika sekondari ya chini, na 60 za KJSEA ya gredi ya tisa. Ni afadhali kuliko mtihani mmoja kuamua yote. Lakini faida yake humfikia yule ambaye mzazi wake hufuatilia mapema, si anayeshtuka matokeo yakitoka.

Wazazi wa gredi ya nane na ya tisa, ketini na binti na mwalimu wake kabla ya kuchagua mkondo. Akiukwepa mkondo wa sayansi kwa hofu tu, tafuteni wa kumsomesha. Akichagua mwingine kwa kipawa, muombeeni dua. Hofu isiwe ndiyo iliyochagua.

Wabillahi tawfiq.