Mwamba ngoma na mwenzi wake

Wahenga wetu wa pwani walisema kuwa mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Ni maneno ya kumsuta mwenye choyo, wala sijapata kumsikia mtu akiyabisha. Lakini ukitoka Mombasa ukaikata nchi ya Kenya mpaka upande wa pili, ukafika ufuoni mwa Ziwa Viktoria katika Homa Bay, kisha ukashuka kusini kupitia Migori hadi Isebania mpakani na Tanzania, utamkuta mtu anayeivuta ngozi hiyo hiyo kwa nguvu zake zote, ila yeye anamvutia mwenziwe. Mtu huyo ni mke wa mpigaji.

Nchi hii zamani ilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, na leo ni kaunti mbili. Wenyeji wake wengi ni Wajaluo, pamoja na Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, na Wakuria wa upande wa mpakani. Msomaji asidhani kuwa ni nchi ngeni kwetu kwa kila jambo. Kendu Bay, mji mdogo wa bandari ndani ya Homa Bay, una Waislamu wa tangu enzi na msikiti wao wa Tawakal, na mtu wa Pwani akifika huko hakosi wa kumwitikia salamu.

Sasa tuingie katika ngozi yenyewe. Nyatiti ni kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Tumbo lake ni bakuli la mti lililochongwa, na uso wake umewambwa ngozi ya ng'ombe, mithili ya gambusi letu la zamani. Nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi ni za nailoni, ile ile ya wavuvi. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, kinubi kikalala chini mbele yake. Katika kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma anayoigongea ubao, na mguuni huvaa njuga. Basi mtu mmoja anapiga nyuzi, anagonga, anatikisa njuga na kuimba, yote kwa wakati mmoja. Wakuria nao wana iritungu, nyuzi nane vile vile, lakini kubwa na lenye sauti nzito inayounguruma.

Ngoma za ohangla ni habari nyingine. Hizo kwa asili huwambwa ngozi ya kenge. Najua msomaji amekwisha kunja uso. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa Pwani, ngozi ya mzoga husafika kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Lakini ngozi ya ngoma haidabighiwi. Huwambwa mbichi ikakaushwa juani. Hapo nawaachia masheikh, mimi nirudi kwa wapigaji.

Ngozi ina adui mmoja, nao ni unyevu. Usiku wa ziwani una umande, na ngozi ikipata umande hulegea na sauti ikafa. Kwetu pia ni hivyo hivyo, ndiyo maana ngoma huoteshwa moto kabla ya kuchezwa. Mpigaji akishaketi mbele ya watu hawezi kuinuka kila mara akatafute kuni. Lazima awe na mtu wake wa kuuangalia moto, wa kumpa maji, na wa kukitunza kifaa kisikanyagwe na wachezaji. Kazi hizo watu huziona ndogo. Muulize mpigaji aliyekwenda mashindanoni bila mtu wake.

Nasema mashindano, na pengine msomaji anangoja kusikia habari za kikombe na medali. Vipo, na nitavifikia. Lakini mashindano yenyewe hasa ya huko, yanayompa mtu jina la jathum, yaani mpigaji muziki, ni ya usiku kucha, kwenye matanga au harusi, ambapo wapigaji wawili hukutana uwanja mmoja. Hapo hakuna jaji. Kuna pakruok.

Neno hili maana yake ni kujisifu, lakini kujisifu kwenyewe kuna adabu yake. Mtu hutoka katika hadhara akamwendea mpigaji na pesa mkononi. Muziki huteremshwa au husimamishwa kabisa. Yule mtu husema yeye ni nani, mwana wa nani, kutoka wapi. Humsifu rafiki yake, au shemeji yake, au mwanamke ampendaye, kwa majina ya fumbo ambayo wengine huyacheka na wengine huwachoma. Akimaliza, mpigaji huyadaka maneno yale yale akayatia katika wimbo papo kwa papo, na ngoma ikaendelea mpaka mwingine asimame. Mpigaji anayesimamishwa mara nyingi ndiye mwenye usiku. Yule ambaye muziki wake hauvunjwi na mtu, hata akipiga vizuri namna gani, alfajiri huondoka kimya kimya.

Sasa ndipo utakapomwona mke. Mwanzoni mwa usiku watu hukaa wakitazamana, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoa pesa. Anayeuvunja ukimya huo mara nyingi ni mtu wa mpigaji mwenyewe. Mwanamke huyo hatajwi kwa jina la mumewe. Huitwa kwa kwao: nyar Kadem, nyar Karachuonyo, binti wa Kadem, binti wa Karachuonyo, hata akiwa ameolewa miaka thelathini. Akisimama akasema, anasimama na ukoo wake wote nyuma yake, na ndugu zake wakiwapo huona haya kubaki wameketi. Hivyo kwa shilingi zake chache ameufungua mfuko wa kijiji kizima.

Shilingi hizo zatoka wapi? Huko pwani ya ziwa, kuanzia Mbita mpaka Sori na Karungu, biashara ya kuanika na kuuza dagaa, wenyewe huwaita omena, imo mikononi mwa wanawake zaidi. Mwanamke anayeamka kabla ya jua kungoja mashua zirudi, akaanika, akageuza, akahesabu debe, ndiye huyo huyo ambaye usiku anazitoa pesa mbele ya watu ili mumewe aitwe bingwa. Mimi sioni kuwa ni upuuzi. Jina la mpigaji ndilo linalomletea mwaliko wa safari nyingine, na mwaliko ndio riziki. Lakini wala sitaki kulipaka jambo hili asali. Zipo nyumba ambazo biashara ya dagaa ilikufa kwa ajili ya pakruok. Na lipo jaribu lingine kubwa zaidi: hadhara ile ile inayomruhusu mke kumsifu mumewe inamruhusu pia mwanamke mwingine kufanya hivyo, kwa pesa nyingi zaidi, na mpigaji ni lazima aliimbe jina lake, kwani amelipwa. Mke hukaa pale pale akachochea moto. Subira ya namna hiyo haipewi alama na mtu yeyote.

Wazee wetu wa Mombasa wakisoma haya watakumbuka lelemama. Vyama vya kina mama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa ngoma, kwa mavazi na kwa karamu, hata vyombo vya dhahabu vikatoka masandukuni vikauzwa au vikawekwa rehani. Kwetu sisi mambo yalikuwa kinyume, mke ndiye aliyekuwa uwanjani na mume ndiye aliyeulizwa gharama. Waume wengine walinung'unika, wengine walitoa kwa siri ili chama cha bibi kisiaibike mbele ya mahasimu. Sina shaka mume wa Kuze na mke wa Mbita wangekaa pamoja wangeelewana bila mkalimani.

Siku hizi kuna mashindano ya namna nyingine. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, na katika kisiwa cha Rusinga kila Desemba hufanyika tamasha la utamaduni lenye mieleka, mbio za mashua, ngoma na mavazi ya asili. Kwenye jukwaa la mashindano majaji wana karatasi zao, na kila kikundi kimepimiwa dakika zake. Ni jambo la heshima, nami nalisifu kwa kuwa limewafanya vijana wazijue ala za babu zao. Lakini katika dakika hizo chache hakuna nafasi ya mtu kusimama akasema yeye ni nyar Kadem. Mke hukaa na watazamaji akapiga makofi pamoja na wageni, kama mgeni.

Mwiko wa zamani ulikuwa kwamba mwanamke hapigi nyatiti. Mwiko huo ulivunjwa na Mjapani, Eriko Mukoyama, aliyejifunza kwa Wajaluo wa Siaya wakampa jina la Anyango. Kabla yake Ayub Ogada, ambaye alizaliwa Mombasa yetu hii mwaka 1956, alikwisha kukitembeza kinubi hicho ulimwenguni. Na muziki wa benga, aliouvumisha Daniel Owino Misiani wa Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Migori, ni vidole vya nyatiti vilivyohamia katika gitaa.

Katika benga hiyo ndimo alimotokea mwanamke wa Migori ambaye habari zake zinanifanya niandike haya. Julius Okumu alijiita Prince Jully, akiongoza bendi yake. Mkewe, Lilian Auma, alikuwa upande wake katika bendi hiyo. Mwaka 1997 Prince Jully alifariki. Desturi ya dunia ni kuwa bendi ya marehemu huvunjika, vyombo vikagawanywa, na mjane akarudi jikoni. Lilian alikataa. Aliishika bendi kwa mikono yake, akasimama mbele mahali pa mumewe, akajiita Princess Jully. Kisha akatoa wimbo wa Dunia Mbaya, unaowaonya watu juu ya ukimwi, wakati ugonjwa huo ulipokuwa ukizimaliza familia za kandokando ya ziwa na wengi wakiogopa hata kuutaja. Wimbo huo ulisikika Kenya nzima, mpaka katika matatu za Mombasa.

Watu wakamwita malkia wa benga. Hakushindania cheo hicho na mtu. Kilimjia kwa sababu aliyekuwa akimsaidia hakuwapo tena. Kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano kila aliyelitamka jina lake alilitamka na la mumewe ndani yake, mpaka Oktoba 2024 alipofariki yeye pia.