Nyanya yuko wapi sasa?

Matanga ya shangazi yangu yalikuwa yakiendelea katika mtaa mmoja wa Eastlands jijini Nairobi, watu wakihesabu mchango na kutafuta gari la kupeleka mwili mashambani, wakati mjukuu wake wa miaka saba alipouliza, "Nyanya yuko wapi sasa?"

"Mjukuu wangu, nyanya yako anatakaswa ili aingie mbinguni," akajibu ami yangu, ndugu ya marehemu, ambaye ni Mkatoliki. "Ndiyo sababu tunamwombea."

"La, Mjomba," akadakia binti ya marehemu, ambaye ameokoka. "Mama yuko na Bwana tayari. Haombewi."

Mkwe wa marehemu, Msabato kutoka Kisii, alikohoa kidogo kisha akasema kwa upole kwamba mama amelala tu, na hatajua lolote mpaka parapanda ilie.

"Kwa hivyo hajui kwamba tuko hapa?" mtoto akauliza.

Hakupata jibu. Wala jambo hilo halikuishia hapo, kwani shangazi alikuwa ameacha neno kwamba aombewe misa, na pesa zote za matanga zilikuwa mikononi mwa binti yake.

Huenda nawe, msomaji, umewahi kuketi katika sebule kama hiyo. Familia nyingi za mjini siku hizi zina makanisa matatu au manne chini ya paa moja, na tofauti zake hazionekani sana hadi siku ya msiba.

La kushangaza ni kwamba wote watatu wanakubaliana kuhusu jambo lililo kubwa zaidi: Yesu atarudi, wafu watafufuliwa na miili yao, na waumini wataishi na Mungu milele. Wengi wetu husahau hilo. Husema roho imekwenda mbinguni na kuishia hapo, kana kwamba mwili ni gunia lililotupwa, ilhali Paulo katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 15, anaufananisha mwili na mbegu inayofukiwa ili iote. Ubishi ni juu ya kipindi cha katikati, tangu mtu akate roho hadi siku hiyo ya ufufuo.

Wasabato, ambao walifungua kituo chao cha kwanza nchini Kenya huko Gendia mwaka wa 1906, hufundisha kwamba binadamu hana roho inayoendelea kuishi nje ya mwili. Hutegemea Mhubiri mlango wa 9, usemao kuwa wafu hawajui lolote, na pia maneno ya Yesu kwamba rafiki yake Lazaro alikuwa amelala. Ukiwauliza kuhusu mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu na kuahidiwa pepo, watakuonyesha alama ya mkato! Maandishi ya kale ya Kigiriki hayakuwa na alama hizo. Ikiwekwa kabla ya neno "leo", mtu yule aliingia peponi siku iyo hiyo. Ikiwekwa baada yake, "leo" ni siku ambayo ahadi ilitolewa. Wafasiri wengi huiweka kabla, lakini ubishi wenyewe si wa kipuzi.

Wala asidhani mtu kwamba Wakatoliki walizaliwa na jibu mkononi. Mwaka wa 1331 Papa Yohana wa 22, aliyekuwa akiishi Avignon, Ufaransa, alihubiri kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu ana kwa ana mpaka siku ya hukumu. Wanatheolojia wa Paris walimpinga vikali, na mfalme wa Ufaransa akaingilia kati. Mzee huyo aliyaondoa maneno yake akiwa kitandani, karibu na kufa mnamo Desemba 1334. Mwaka mmoja na ushee baadaye mrithi wake, Benedikto wa 12, akakata shauri: walio safi humwona Mungu mara tu baada ya kifo, bila kungoja ufufuo.

Na wasio safi kabisa? Hao ndio wa toharani. Hapa ami yangu alieleweka vibaya, maana wengi hudhani toharani ni nafasi ya pili kwa wenye dhambi. Sivyo. Kwa mujibu wa mafundisho ya Katoliki, aliyeko huko ameshaokolewa; anasafishwa tu, na sala za walio hai humsaidia.

Waprotestanti walikataa toharani, lakini nao hawakuwa na sauti moja. Martin Luther alipenda kukiita kifo usingizi. Yohana Calvin akaandika kitabu kizima kupinga wazo kwamba roho hulala. Ungamo la Westminster la mwaka wa 1646, ambalo Wapresbiteri wameurithi msimamo wake, linasema roho za waumini huenda kwa Mungu papo hapo. Wanajeshi wa Jeshi la Wokovu hata husema mwenzao amepandishwa utukufuni, kama askari aliyepata cheo.

Turudi Eastlands. Mkwe ndiye aliyeituliza sebule. Alisema yeye haamini misa itamfikia mama, lakini neno la mama ni neno la mama, na walio hai ndio walioahidi. Binti alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akahesabu noti na kumkabidhi mjomba wake bila kumtazama.

Tangu wakati huo, kila tarehe 2 Novemba, siku ambayo Wakatoliki huwaombea marehemu wote, binti huyo humpeleka mjomba wake kanisani kwa gari lake, kwa kuwa miguu ya mzee haina nguvu tena. Yeye haingii. Humngoja nje hadi misa iishe, akisoma Biblia yake.